Kengele ya Nusu kwa Nusu

Karakana, 3 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi huku tunasukuma siku, hatulalamiki sana. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tukifika dakika ya tatu mmoja wetu hukata, na huyo mmoja si mimi. Barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, lakini nakujua, wewe hata vipisi vya penseli ulikuwa unavitunza.

Mama yako hajambo. Masikio ndiyo yaleyale: miaka thelathini ya kugonga kengele ya shule imeyamaliza, na simu ukimwekea sikioni anaitikia "marahaba" kwa kila kitu. Macho nayo sasa yanaona umbo la mtu tu, maandishi hapana. Kwa hiyo barua zako nitamsomea mimi kwa kupiga kelele, na majirani watapata habari zako bure. Amenituma nikuulize kama unakula. Tangu Mama yangu alipotangulia, na Baba naye mwaka jana, nyumba imebaki mimi na Mama Mdogo, na tunapatana.

Sasa jambo lenyewe. Halmashauri ya ng'ambo ya reli na hii yetu zimeunganishwa, sisi sote sasa ni mji mmoja. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Kila kitu kinaungwa. Shule mbili zimekuwa moja, na sare ni nusu kijani nusu buluu, watoto wanaonekana kama kasuku. Bendi yao na bendi yetu zimechanganywa: kuna wapiga ngoma wanane na hakuna mpiga gitaa hata wa kusingiziwa. Na Meya ameamua pawe na Kengele ya Umoja. Itachukuliwa kengele ya stesheni ya kwao, ya chuma cha pua, na kengele ya shule ya kwetu, ile nyeusi ya chuma cha kumimina. Kila moja ikatwe toka juu hadi chini, kisha nusu yao iungwe na nusu yetu. Kazi nimepewa mimi, pamoja na kibao chake cha kumbukumbu.

Unajua maana yake. Karakana ya Baba itabaki hapa ilipo. Zile zisizo na kazi ya mji zinahamishiwa nyuma ya dampo kabla ya mwaka kwisha, wameshapita na rangi kuweka alama za kubomoa. Mlango wetu haujapakwa bado.

Ninachohitaji kwako ni kidogo. Kamati ya usalama inataka hati iliyotiwa sahihi na mkaguzi wa maungio mwenye leseni. Mji mzima hatuna, wa karibu ni wewe, na wewe uko mbali. Fomu iko ndani ya bahasha. Tia sahihi, irudishe. Kengele bado sijaiunga, lakini mkono wangu unaujua. Ufundi sikuulizi, ninao.

Kaka yako


Bweni la wafanyakazi, chumba namba 16
18 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika ikiwa na alama ya kidole chako cha grisi kwenye stempu, nikajua ni wewe kabla ya kuifungua. Mimi mzima. Theluji imekuwa tope na tope limekuwa barafu, natembea kama mtu aliyebeba mayai.

Mwambie Mama nimepata salamu zake. Mpeleke kwa daktari wa macho, usingoje mpaka aingie ukutani.

Fomu nakurudishia bila sahihi. Usikasirike, au kasirika, lakini nielewe kwanza. Huku ninakofanya kazi wamejenga chombo kikubwa cha chuma, mviringo, kirefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Ndani yake wataalamu wanajaribu kuunganisha viini vya atomi ili vitoe joto kama linavyotoka kwenye jua. Hivyo viini havitakani, vinasukumana, inabidi vichemshwe mpaka vishindwe kukwepana. Hayo ni ya wataalamu. Mimi naangalia mishono ya chombo. Kila mshono naupiga picha ya eksirei, kwa sababu nje mshono unaweza kuwa laini kama mkufu na ndani umejaa mapovu. Nimeshakataa kazi za mafundi walionizidi umri mara mbili. Siku nitakapotia sahihi mshono ambao sijauona, na mingine yote niliyotia itakuwa haina maana. Leseni yangu ndiyo mkate wangu, Kaka, sina kingine.

Na huo unaotaka kuunga haujawa hata mshono bado.

Lakini kuna jambo kuhusu chuma cha kumimina ambalo Baba alinionyesha wewe ukiwa kwenye mpira. Nitakuandikia pembeni, vizuri, pamoja na michoro, nikipata siku ya mapumziko. Usianze kabla hujaipata.

Niambie pia kibao cha kengele kitaandikwa nini.

Mdogo wako


Karakana, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salama huku. Mama Mdogo ameanguka kwenye ngazi ya nyuma lakini hakuumia, alicheka mwenyewe. Hukujibu kama unakula.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Kwa hiyo mkono ulioshika wako ukakufundisha kuwasha moto wa karakana leo hauaminiki bila eksirei. Sawa. Umekuwa mtu mkubwa. Wakati unasafiri nani alikupeleka stesheni na sanduku kichwani?

Na hilo jambo la Baba, usijisumbue na michoro. Nimechomelea mageti ya nusu ya mji huu. Chuma ni chuma.

Kibao kitaandikwa: "Kwa kumbukumbu ya fundi wetu na mkewe, waliotufundisha kuishi nyumba moja." Meya mwenyewe ameyapenda maneno, amesema familia yetu ni mfano, watoto wa tumbo hili na lile na hakuna anayeona mpaka. Najua utaanza. Kibao ni kidogo, mkewe ni neno moja, na Mama ndiye aliyekuwa mkubwa. Mama Mdogo hajali mambo ya vibao. Tulikula chungu kimoja, mdogo wangu, hilo ndilo la maana.

Sherehe ni tarehe 2 Mei. Fomu nyingine iko ndani, labda ile ya kwanza ulikuwa umechoka.

Kaka yako


Bweni la wafanyakazi, chumba namba 16
30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Ninaendelea vizuri. Natumaini Mama amekaa mbali na ile ngazi.

Chungu kilikuwa kimoja, ni kweli. Na aliyekipika alikuwa mmoja. Alipika, akapakua, akapeleka sebuleni kwa Baba na Mama Mkubwa na wewe, kisha akala jikoni amesimama, na mimi nimesimama pembeni yake. Asubuhi alikwenda kugonga kengele ya shule ili watoto wa watu wasichelewe. Hiyo kengele mnayoikata nusu aliigonga yeye kwa miaka thelathini, ikamla masikio. Kwenye kibao chake hayumo hata kama neno.

Mtaalamu mmoja hapa alinieleza jambo, nimekuwa nikilifikiria tangu barua yako. Anasema viini viwili vikiungana, kinachopatikana ni chepesi kidogo kuliko vile viwili vilivyokuwa mwanzo. Kuna kitu kinapungua, na hicho kilichopungua ndicho kinachotoka kama joto, ndicho watu wote wanachokitaka. Niliona aibu kumwambia kwamba hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Wageni walikuwa wakija kwetu wanasifu joto la ile nyumba. Kilichopungua alikuwa mama yangu.

Fomu ya pili nimeitupa. Kengele fanya unavyojua, umesema chuma ni chuma.

Mdogo wako


Karakana, 9 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na baridi imepungua. Mvua huku zimekuja kwa fujo, paa la karakana linavuja pale pale pa siku zote.

Sherehe imepita. Waliiwahisha, ilifanyika tarehe 24 Aprili kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari. Watu walikuwa wengi, hotuba zilikuwa ndefu, bendi ilipiga nyimbo zote mbili kwa wakati mmoja. Mambo yalikwenda vizuri kiasi.

Mama Mdogo ana jambo dogo la mguu. Anapumzika. Anasema usiwe na wasiwasi.

Sina mengi. Nitaandika nikitulia.

Kaka yako


Bweni la wafanyakazi, chumba namba 16
1 Juni

Kaka,

Leo sina salamu.

Jana msimamizi aliniita ofisini, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na bahasha ya halmashauri yenu mpya, nembo yake bado inanuka wino. Kamati inauliza niliikagua lini kengele "iliyopasuka na kumjeruhi mwananchi". Wameambatanisha nakala ya hati. Namba ya leseni yangu ipo, na sahihi yangu ipo, pamoja na ule mkia wa mwisho ambao hakuna mtu anayejua kuuvuta isipokuwa mimi. Niliitazama mpaka nikaanza kujiuliza kama niliitia usingizini. Nimesimamishwa kazi mpaka nijibu kwa maandishi.

Nina maswali mawili tu. Mguu wa mama yangu umefanya nini? Na wewe umefanya nini?

Usiniandikie kuhusu mvua.


Karakana, 14 Juni

Mdogo wangu,

Nilianza barua hii mara nne. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Sahihi niliitoa kwenye barua yako. Ile ya Februari, uliyonikatalia, pale chini ya "Mdogo wako" ulipotia sahihi yako kamili. Niliiweka kwenye kioo cha dirisha mchana, fomu juu yake, nikafuatisha kwa kalamu. Namba niliitoa kwenye cheti chako ambacho Baba alikitundika sebuleni. Sikuwa na njia nyingine. Walikuwa wameshaanza kupaka rangi milango ya jirani.

Kengele niliimaliza kuunga tarehe 23, mchana. Sherehe ilikuwa kesho yake, na Meya alituma watu wa rangi wakanisimamia kichwani. Kengele ilikuwa ya moto, huwezi kuishika. Nikaifunika magunia yaliyolowa maji. Nikasikia inalia ti, halafu tena ti, kama glasi iliyomiminiwa chai ya moto. Nilijiambia ni takataka za mshono zinaruka. Mdogo wangu, nilijua si takataka. Nikasaga, nikapaka rangi, ikapendeza. Hata wewe bila eksirei ungeisifu.

Sasa hili sikukuandikia, nilitaka uje uone picha. Barua yako ya chungu ilinikaa. Nilikwenda kwa Meya nikamwambia kibao nakibadilisha. Niliandika upya kwa mkono wangu: "na wake zake wawili". Na nikasema atakayegonga kwanza si mgeni rasmi, ni Mama Mdogo, kwa sababu kengele ni yake. Wakakubali. Nilimshonea gauni. Alipandishwa jukwaani na Meya amemshika mkono, akapewa nyundo, akasimama wima kama enzi zile za shule. Nilikuwa nimetoa machozi, sikufichi.

Akagonga mara moja, ikalia vizuri. Akagonga ya pili, na sisi wote tukasikia sauti imekufa, imekuwa ya sufuria. Mimi nikapiga kelele, "Mama, acha!" Yeye hakusikia. Hakusikia kengele wala mimi. Alikuwa anatabasamu. Akainua nyundo mara ya tatu kwa nguvu zake zote, na nusu yetu, ile nyeusi, ikaachana na nusu yao ikamwangukia mguuni.

Mifupa ya mguu wa kulia imesagika. Wamemkata vidole vyote vitano. Anatembelea fimbo mbili, kutoka kitandani mpaka mlangoni, basi.

Karakana imefungwa. Kamati inakutana tarehe 20 Julai. Wakisema hati ni ya kughushi, mimi naingia ndani miaka. Ukisema sahihi ni yako, itakuwa kosa la ukaguzi, utapewa onyo, labda watakunyang'anya leseni kwa muda, wewe una elimu, utapata kazi nyingine. Mama Mdogo amesema vivyo hivyo. Nimemsomea barua yako, akalia, akasema mwambie mwanangu amfunike kaka yake, sisi ni kitu kimoja.

Nakuomba kwa magoti.

Kaka yako


Bweni la wafanyakazi, chumba namba 16
2 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Nimewajibu kamati. Nimewaandikia kwamba sahihi si yangu na kengele sijawahi kuiona. Barua imekwenda juzi kwa rejista, huwezi kuizuia. Ni kweli tupu, na sikuweza kuandika kingine. Nilijaribu. Nilikaa na kalamu nikaandika "ni yangu", nikayafuta.

Unasema Mama ametaka nikufunike. Labda amesema. Labda umemsemea, kama alivyosemewa siku zote kwamba hajali, kwamba hana neno. Na kama kweli ni maneno yake, basi ndiyo yananiuma zaidi, kwamba hata bila vidole bado anabeba sahani kuelekea sebuleni.

Nimekasirika nawe kiasi kwamba chakula hakipiti. Ulimshonea gauni. Ungekuwa mtu mbaya tu ningepumzika.

Lakini kamati sikuwaandikia yote, na wewe lazima ujue. Ile barua niliyokuahidi Februari, ya jambo la Baba, niliiandika. Niliimaliza tarehe 17 Machi, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika anwani. Kesho yake, nikiwa nimevaa koti niende posta, barua yako ya kibao ikafika. Nikasoma "fundi wetu na mkewe". Nikavua koti. Niliiweka yangu kwenye droo nikasema, chuma ni chuma, basi na kipasuke. Nilikuwa najua kitapasuka, Kaka. Sikudhani, nilijua. Nilijiona nimesimama mbali nasikia inavyokatika mbele ya Meya na mgeni rasmi na mji mzima, na wewe umeshika kofia. Nilikuwa naipenda ile picha, nilikuwa nalala nayo. Ndani yake Mama hakuwemo. Na mimi pia nilimsahau kumweka.

Wewe uliiba sahihi yangu. Mimi nilificha mkono wa Baba. Yako ina kamati ya kuihukumu.

Msimamizi amenirudisha kazini tangu Jumatatu. Amenipa pole na kunishika bega, anasema wakaguzi waaminifu ni wachache. Nilimshukuru.

Nitakuja mwezi wa nane kumchukua Mama, ukiwa nje au ukiwa ndani. Kabla ya hapo nakuomba kitu kimoja. Msomee barua hii yote, na ile iliyo ndani ya bahasha, usiruke mstari. Soma kwa kupiga kelele kama kawaida yako. Dirisha liache wazi, majirani wasikie na zangu.

Mdogo wako


(Ndani ya bahasha)

17 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo! Leo ni siku yangu ya mapumziko, nimejifungia na chai, nakuchorea kengele. Usicheke michoro, nusu ya stesheni imetoka kama kiatu.

Sikiliza. Chuma cha kumimina hakifanani na mageti yako. Kina hasira kikiharakishwa. Baba alinionyesha siku ile tulipounga mguu wa cherehani ya Mama Mkubwa uliovunjika. Kwanza kata kando zote mbili ziwe na mteremko, kama nilivyochora. Kisha pasha moto kengele nzima polepole, yote, siyo pale pa mshono tu, mpaka tone la maji likidondokea linaruka. Tumia vijiti vya kuchomelea vya nikeli, vya kawaida hapana. Chomelea kipande kifupi kama kidole, acha, gonga taratibu kwa nyundo ndogo, hamia upande wa pili. Ukiwa na haraka siku hiyo, usianze kabisa.

Ukimaliza, na hapa ndipo penyewe, usiipoze. Usithubutu maji, wala upepo. Ifukie kwenye majivu makavu, yawe mengi, yaizibe kabisa, uiache siku mbili nzima. Utatamani kufukua uangalie. Baba naye alitamani, tukakaa juu ya ndoo tukiangalia rundo la majivu kama wajinga wawili, akaniambia kazi ya fundi imekwisha, sasa ni kazi ya kungoja. Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokaa naye, na nilitamani ungekuwepo.

Ikitoka salama nipigie picha kila upande, hata kwa simu, kando kwa kando. Sahihi siwezi kuahidi, lakini nitaangalia kwa macho yangu yote.

Mwambie Mama nakula.

Mdogo wako